Garratt ya Langoni: uchambuzi wa kisa cha treni ya mfano na bei yake

Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, aliingia kazi ya Reli akiwa kijana na akatoka na mvi. Alianza kama faimani, mchochea moto wa treni, akitokea shedi ya Mombasa, akapanda kuwa dereva, akamalizia kwenye dizeli. Mwaka jana watoto wake pamoja na mpwa wake aliyeko Uingereza walitaka kumpa zawadi moja ya maana, wakamuuliza anatamani nini. Hakutaka televisheni, hakutaka simu. Alitaka Garratt, kichwa cha treni ya mvuke, ndogo ya kuweka rafuni.

Walichanga shilingi 65,000 wakaniita mimi, jirani ninayependa treni ndogo na ninayeshughulika na hesabu za watu, niwaambie fedha hizo zinaweza kununua nini. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikawa kazi ya miezi, na katika miezi hiyo nimeona jinsi kitu kidogo kinachokaa juu ya rafu kinavyobeba habari yote ya kazi ya mikono duniani: nani anaifanya, nani analipwa, na nani anaambiwa kuwa kazi yake ni ghali. Kwa ruhusa ya familia nakieleza kisa chote, hesabu zake zikiwemo.

Garratt ni nini

Msomaji asiyewahi kuiona anahitaji picha yake kwanza. Garratt ni kichwa cha treni ya mvuke kilichopewa jina la mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt. Bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, imewekwa katikati, juu ya fremu, na fremu hiyo inaegemea injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake na magurudumu yake. Kwa kuwa kila injini inageuka kivyake, kichwa kirefu sana kinapita kona kali. Na kwa kuwa uzito umegawanywa juu ya ekseli nyingi, reli nyepesi inaubeba. Reli yetu ya zamani ilihitaji yote mawili: ilikuwa ya upana wa mita moja tu, yenye kona nyingi, na kutoka Mombasa hadi Nairobi inapanda zaidi ya mita 1,600.

Daraja la 59, yaani aina ya Garratt anayoikumbuka mzee, liliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa vichwa 34. Kila kimoja kilikuwa na uzito unaopita tani 250 na urefu unaokaribia mita 32, kikichoma mafuta badala ya makaa, na kiliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka pwani kwenda bara. Hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyopata kuwa na vichwa vya mvuke vikubwa na vyenye nguvu kuliko hivyo. Vilipakwa rangi nyekundu iliyoiva na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili bado vipo katika Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Mwenye nafasi aende asimame kando ya gurudumu lake. Hakuna picha inayoweza kumwandaa.

Hapa nataka jambo moja lishikwe mapema, kwa sababu wengi wanaolalamika juu ya treni za mfano kuundwa ng'ambo hulisahau. Hata ile Garratt kubwa ilitoka ng'ambo. Ilivuka bahari vipande vipande, ikaunganishwa huku, na kiwanda kilichoiunda kilifungwa mwaka 1966, miaka kumi tu baada ya ile ya mwisho ya daraja la 59 kutoka. Mafundi wetu wa Reli, mzee akiwa mmoja wao, waliendelea kuzitunza mashine ambazo aliyezizaa hakuwepo tena. Kipuri kikikosekana, kilichongwa karakana.

Kilichopatikana madukani

Mpwa alizunguka maduka ya Uingereza. Daraja la 59 hakulipata likiwa tayari kwenye boksi, na mimi sikushangaa. Viwanda vikubwa huunda kile ambacho Mwingereza, Mjerumani au Mmarekani alikiona utotoni kwenye stesheni ya kwao, maana wao ndio wanunuzi. Akapata Garratt ya Uingereza, ya kipimo kinachoitwa OO, yaani imepunguzwa mara 76. Bei ya duka ilikuwa paundi 360.

Bei hiyo ina kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza ndani yake, asilimia 20. Kitu kikiuzwa kwenda nje ya nchi, muuzaji anaweza kuiondoa kodi hiyo. Inabaki paundi 300. Usafiri wa ndege na bima, paundi 50. Jumla paundi 350, ambazo kwa shilingi 172 kwa paundi ni kama 60,000. Familia ikafurahi, maana 65,000 walizokuwa nazo zilionekana kutosha na chenji kubaki.

Nikawaomba wasubiri niingize forodha. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25: shilingi 15,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: shilingi 1,500. Tozo ya Maendeleo ya Reli, asilimia 2: shilingi 1,200. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ambayo haipigwi juu ya bei ya kitu peke yake bali juu ya bei na ule ushuru wa forodha: asilimia 16 ya 75,000 ni 12,000. Ukijumlisha yote, 29,700 juu ya 60,000. Inakuwa 89,700, kabla ya kumlipa wakala wa forodha, kabla ya basi la Mombasa hadi Mokowe, kabla ya boti.

Mzee alikuwa akisikiliza kimya. Nilipofika kwenye Tozo ya Maendeleo ya Reli, ambayo ilianzishwa mwaka 2013 kusaidia kugharimia reli ya SGR, aliinua mkono. "Hiyo," akasema, "mimi nalipa. Si ya Reli?"

Kisha akaomba aone picha ya hicho kichwa. Aliitazama kwenye simu ya binti yake, akaivuta ikawa kubwa, akahesabu magurudumu ya kusukuma, yale yanayozungushwa na injini. Kumi na mawili. Ya daraja la 59 ni kumi na sita. Rangi nyeusi. Na kile kichwa kilikuwa cha reli pana ya Uingereza, ile ya milimita 1,435. "Hichi si chetu, mwanangu," akaniambia. Simu akairudisha.

Kwa hiyo tatizo la kwanza la kisa hiki si bei. Ni kwamba hata ukiwa na shilingi 90,000, soko halikuwekei ulichokipoteza wewe. Linakuwekea alichokipoteza mwingine.

Kwa nini bei imefika hapo

Mpwa alikasirika kwa sababu nyingine. Anakumbuka alipofika Uingereza, kati ya miaka ya 2000 na kitu, kichwa kikubwa cha mvuke cha OO kilikuwa hakifiki paundi 100. Leo kipya cha aina hiyo hupita 200 bila shida. Yeye aliona ni tamaa: kampuni zimehamishia kazi China kwa mafundi wa bei ya chini, halafu zikapandisha bei. Kampuni zimepata mara mbili, alisema, na mnunuzi amepoteza mara mbili.

Nimelifuata swali hilo kwa makini kwa sababu nalisikia sana, na nadhani hasira yake imeelekezwa kusiko.

Kwanza, bei za vitu kwa jumla nchini Uingereza zimekaribia kuongezeka maradufu tangu mwaka 2000. Sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kama kupanda kwa bei ya treni ni thamani ya paundi yenyewe kupungua. Pili, kitu chenyewe kimebadilika. Kichwa cha zamani kilikuwa kipande kimoja cha plastiki, vishikio vya mkono vimefinyangwa humo humo kama mistari. Cha leo kina vishikio vya waya vilivyochomekwa kimoja kimoja, mabomba, ngazi, kabati la dereva lenye saa za mvuke zilizopakwa rangi, chipu ya dijitali, pengine na spika. Kila kimoja cha vitu hivyo kimeshikwa na vidole vya mtu.

Hapo ndipo penye kiini. Watu hudhani kilichohamia China ni mashine. Mashine ya kudunga plastiki inaweza kukaa popote, na hutema bodi kwa sekunde. Kilichohamia ni mikono: kubandika, kupaka, kupiga chapa ya namba na mistari kwa pedi laini ya mpira, rangi moja moja, kichwa baada ya kichwa. Kazi hiyo haijapata mashine ya kuifanya kwa bei ya kueleweka. Inafuata mahali ambapo saa ya binadamu inauzwa chini.

Na imekuwa ikifuata kwa muda mrefu. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wamarekani walianza kuagiza vichwa vya mfano vya shaba nyeupe kutoka Japani, vilivyoungwa kwa mkono kwa lehemu, vizuri ajabu. Mishahara ya Japani ilipopanda na yeni ikapata nguvu, kazi ikahamia Korea ya Kusini. Korea nayo ilipotajirika, ikahamia China. Upande wa plastiki, miaka ya 1970 tayari kulikuwa na chapa za Uingereza zinazoundwa Hong Kong na kampuni ya Kader, ambayo baadaye iliinunua Bachmann, kampuni ya Marekani ya treni za mfano. Hornby, chapa ya Uingereza ya treni za mfano, ambayo mwanzilishi wake Frank Hornby alianzia Liverpool na ambayo kiwanda chake kilikuwa Margate katika jimbo la Kent, ilihamishia uundaji China katika nusu ya pili ya miaka ya 1990.

Ile bei aliyoikumbuka mpwa, paundi chini ya 100, ilizaliwa katika dirisha hilo dogo. Mishahara ya Guangdong, jimbo la viwanda la kusini mwa China, ilikuwa chini sana, na yuan, fedha ya China, ilikuwa imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha takriban yuan 8.28 kwa dola. Mwezi Julai 2005 China ikaifungua. Kufikia mwisho wa 2013 dola moja ilikuwa haifiki hata yuan 6.1. Katika miaka hiyo hiyo mishahara ya viwandani ikapanda mwaka baada ya mwaka, kwani kijana wa Guangdong sasa angeweza kwenda kuunganisha simu. Paundi ikaanguka mwaka 2008, ikaanguka tena baada ya kura ya Juni 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2021 nauli za kontena zikapaa. Hakuna hata moja kati ya haya lililoamuliwa na muuza treni.

Kuna na suala la kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki hudungwa. Kuchonga kalibu za chuma za kichwa kimoja kipya hugharimu makumi ya maelfu ya paundi, na kikubwa chenye vipande vingi huweza kupita laki moja. Tuseme ni laki moja kamili. Ukiuza vichwa 10,000, kila mnunuzi amebeba paundi 10 za kalibu. Ukiuza 2,000, amebeba 50. Wapenzi wa treni hizi wanazeeka, na kila mmoja anataka kichwa cha tawi lake la reli, si cha jirani. Hivyo mikupuo imekuwa midogo na kila boksi limebeba zaidi.

Nilimweleza mpwa kwa simu: ile bei yako ya zamani haikuwa bei ya kweli ya kitu kile. Kulikuwa na mtu Dongguan, mji wa viwanda wa Guangdong, aliyekuwa akiilipia nusu yake kwa saa zake za maisha. Alipoanza kulipwa kinachomfaa, bei ikaonekana imepanda. Alinyamaza, kisha akasema bado 89,700 haziwezekani. Katika hilo tulikubaliana.

Njia ya pili

Binti wa mzee ndiye aliyesema, "Kwani fundi hawezi?"

Lamu ina mafundi wa majahazi ya mfano. Mgeni yeyote aliyetembea njia kuu ya mji amewaona vibarazani, na kazi zao zinasafiri hadi Ulaya kwenye masanduku ya watalii. Wengi wao walianza kwenye majahazi ya kweli, Matondoni au kwingineko, kabla kazi ya majahazi makubwa haijapungua. Fundi aliyependekezwa ni mtu wa makamo anayechonga mashua na majahazi ya urefu wa mkono, na milango midogo ya nakshi. Treni hajawahi kuipanda.

Tulimpelekea picha na michoro ya mzee. Hapa lazima niseme: michoro ile ilikuwa bora kuliko chochote nilichokipata mimi popote. Mzee aliketi na rula akachora Garratt kutoka kichwani mwake, mirija, vali, ngazi, mahali pa taa, mpaka upande ambao faimani alikaa. Alichokosa ni vipimo vya jumla, na hivyo vimo katika maandishi ya reli: urefu, kipenyo cha magurudumu, unene wa bwela. Tukakubaliana kupunguza mara 40. Urefu ukatoka sentimita 79. Reli ya mita moja ikawa milimita 25. Gurudumu la kusukuma, ambalo kwa ukweli lina kipenyo cha futi 4 na nusu, likawa milimita 34. Bwela, futi 7 na nusu, ikawa milimita 57.

Fundi alishangazwa na bwela. "Ami," alimwambia mzee, "mbona hii pana kushinda reli yake mara mbili? Haianguki?" Mzee akacheka sana. Ndilo swali, akamwambia, ambalo kila kijana mpya wa shedi aliliuliza. Kwa dakika chache hao wawili walizungumza juu ya uzito na mizani, mmoja akitoa mfano wa mkuku na mwingine wa ekseli, na nilitamani watoto wote wa mji wangekuwa pale kusikiliza.

Fundi alitaja bei yake: shilingi 25,000. Vifaa 9,000, kazi 16,000. Kazi ya wiki sita, siku sita kwa wiki.

Familia ikapumua. Shilingi 25,000 dhidi ya 89,700! Na ni Garratt yao, nyekundu, magurudumu kumi na sita. Mpwa akapiga simu kunipongeza kana kwamba nimeokoa pesa zake.

Hesabu iliyonikosesha raha

Gawanya 16,000 kwa siku 36. Ni kama shilingi 444 kwa siku. Kibarua anayebeba mawe ya ujenzi kutoka gatini, mtu anayefanya kazi ngumu ya heshima lakini isiyohitaji miaka ishirini ya kujifunza, hapa mjini anapata zaidi ya hiyo.

Nilimuuliza fundi amefikaje kwenye 16,000. Jibu lake lilikuwa la wazi: jahazi la urefu kama ule huuzwa kwa karibu 25,000, na mtalii hatoi zaidi. Yaani hakuanza na siku zake. Alianza na kile anachodhani mnunuzi atakubali, akatoa vifaa, kilichobaki akakiita kazi. Na jahazi analichonga kwa kukumbuka; mikono yake inalijua. Garratt ingemlazimu kupima kila kipande kwa mara ya kwanza, kuharibu baadhi, kuanza upya.

Kwa maneno mengine, nafuu ile tuliyoifurahia ilitoka mahali pale pale ilipotoka nafuu ya mwaka 2000. Hapakuwa na ufundi wa kupunguza gharama. Alikuwepo mtu asiyehesabu saa zake. Tofauti ni kwamba wa Dongguan hatukumwona, na huyu tunaswali naye msikiti mmoja.

Niliwapigia familia hesabu nyingine. Siku ya fundi bingwa, tuseme 1,500. Mara siku 36, ni 54,000. Vifaa 9,000. Jumla 63,000. Ndani ya mchango wao, kwa shilingi 2,000 tu.

Ubishi ulikuwa mkali na haukuwa wa watu wabaya. Mpwa alisema: aliyetaja 25,000 ni yeye mwenyewe, hatukumshurutisha; ukimlipa mtu zaidi ya alichoomba unamharibia soko, kesho atamtajia mwenzake bei hiyo na atakosa kazi. Hoja ya soko si ya kupuuza. Ndugu mwingine alisema tofauti tumpe kama sadaka. Fundi mwenyewe, alipopata habari, hilo la sadaka lilimuudhi, na alikuwa na haki ya kuudhika. Mtu aliyefanya kazi hataki kupewa, anataka kulipwa.

Mimi nilishikilia jambo moja. Angalia yaliyowapata wenzetu wa Uingereza. Walipohamisha kazi, hawakuhamisha mabenchi na mashine tu. Wachonga kalibu na wapaka rangi walitawanyika, wakazeeka, na ujuzi wao haukurithiwa. Leo chapa ikitaka kurudisha kazi nyumbani inakuta hakuna wa kuirudishia. Linganisha na Märklin, kampuni ya treni za mfano ya Ujerumani. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1859, na ilifilisika Februari 2009, katika mwaka wake wa 150. Iliweza kusimama tena na kurudisha sehemu ya uundaji kutoka China kwa sababu haikuwa imekifunga kiwanda chake cha Göppingen, na kingine kilikuwa Győr, Hungaria. Mafundi walikuwepo. Ukiuacha ujuzi ufe kwa sababu wiki hii kuna wa nafuu zaidi, utakapouhitaji hutaununua kwa bei yoyote.

Mtoto mkubwa wa fundi yule anaendesha boti ya abiria kati ya Mokowe na mjini. Baba yake alimfundisha kushika tezo, na anajua. Lakini boti inalipa kila jioni. Kwa shilingi 444 kwa siku, nani atamwambia aiache?

Makubaliano na kazi

Ubishi ulimalizwa na mzee. Alimwomba fundi ahesabu siku zake mwenyewe, kwa bei anayoona ya haki, na aandike. Fundi akaandika 1,000 kwa siku. Ikawa 36,000 na vifaa 9,000: shilingi 45,000, zikilipwa kwa mafungu matatu. Mimi bado naona ni chini ya kinachostahili. Lakini ilikuwa bei iliyotoka kinywani mwake baada ya kuhesabu, na hilo ni jambo tofauti kabisa na ile ya kwanza.

Mbao ilikuwa mbambakofi kwa fremu na bwela, na mpingo kidogo kwa magurudumu, yaliyochongwa kwenye kerezo ya rafiki yake. Matundu ya vishikio yalitobolewa kwa keekee, ile ile ya upinde inayotumika kwenye milango na majahazi. Shaba nyeupe ilihitaji mtu mwingine. Vyuma vya kuunganisha magurudumu, filimbi, taa, vilifanywa na sonara wa mtaa wa pili, ambaye siku zote hutengeneza pete na hereni. Malipo yake yalitoka kwenye zile 9,000. Rangi nyekundu ilichanganywa mara kadhaa mbele ya mzee mpaka akasema basi.

Kichwa hicho hakiendi kwa umeme. Hakina mota wala sauti, na mwenye kutaka treni ya kuzunguka mezani hatakipenda. Magurudumu yanageuka ukikisukuma, vyuma vya pembeni vinapanda na kushuka inavyotakiwa, na injini mbili zinageuka kila moja kivyake kwenye kona. Hilo la mwisho mzee alikuwa amelisisitiza kuliko rangi. Namba aliyoichagua ni 5918, kwa sababu ndiyo anayoweza kwenda kuilinganisha Nairobi.

Fedha zilizobaki, 20,000, zilimlipia mzee na binti yake safari ya Nairobi kwenda makumbusho, wakiwa na rula.

Baada ya hapo

Kisa kingeishia hapo kama si mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Shela, aliyeiona Garratt ile na kutaka tano za kuuza, kila moja kwa 20,000. Fundi alikuja kuniuliza, safari hii akiwa na karatasi yake.

Hesabu ya pili ni tofauti na ya kwanza, na inafurahisha kwa sababu ni ile ile ya kalibu za chuma. Katika siku 36 za mwanzo, zipatazo 12 zilikwenda kwenye kupima, kukosea na kukata vipande vya plaiwudi vya kufuatisha. Vipande hivyo vipo, vimetundikwa ukutani kwake. Ya pili itamchukua siku kama 24. Kwa 1,000 kwa siku na vifaa 9,000, ni 33,000. Akifanya tano kwa mkupuo, akikata magurudumu yote kwa pamoja na sonara akipiga vyuma vyote siku moja, huenda siku zikashuka hadi 20 kwa kila moja na vifaa vikashuka kidogo. Hapo inaweza kuwa 28,000. Chini ya hapo hakuna njia isipokuwa ile ya kutohesabu siku.

Fundi alimpelekea mwenye nyumba bei ya 30,000 kwa kila moja, nusu mbele. Mwenye nyumba alisema atafikiri. Alipotaja kwamba kuna mtu wa mji mwingine anayeweza kuchonga kwa 18,000, fundi alimwambia amwendee.

Wiki tatu baadaye mwenye nyumba alirudi akaagiza mbili, kwa 30,000, na akalipa nusu. Mzee ametoa sharti moja ili michoro yake itumike: hakuna namba itakayorudiwa. Vichwa vilikuwa 34, kila kimoja na mlima wake, na fundi asivuke hapo. Sasa fundi anachonga 5901 Mount Kenya na 5930 Mount Shengena. Mwanawe, jioni akishafunga boti, ndiye anayekata magurudumu, na analipwa kwa siku.